Maswali ya Wasomaji: 123,456,789 na Pacha Wake wa Kinyumenyume

Safari hii barua karibu zote zimeangukia namba mbili: 123,456,789 na ile unayoipata ukiisoma kuanzia mwisho, 987,654,321. Tumezipanga ili jibu moja lilitumikie jingine, kwa hiyo ni vyema kuanzia juu.

SWALI: Nimegawanya 123,456,789 kwa 3 nikapata 41,152,263. Hiyo nayo nikaigawanya kwa 3, nikapata 13,717,421. Hapo ndipo nilipokwama. Nimejaribu 7, 11, 13 na kuendelea hadi 97, na kila moja inaacha baki. Je, niandike kwamba 13,717,421 ni namba tasa?

JIBU: Usiandike bado. Ili kuitangaza namba kuwa tasa, sharti ujaribu namba tasa zote hadi kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3,703 na ushei. Wewe umejaribu namba tasa 25 za kwanza, na zilizo chini ya 3,703 zinazidi mia tano. Namba kukataa kugawanyika kwa namba ndogo hakuthibitishi chochote zaidi ya kwamba haina vigawo vidogo.

Ungeendelea kwa mtindo huohuo ungefika, lakini kwa kazi ya punda. Kigawo cha kwanza utakachokutana nacho ni namba tasa ya 504 katika orodha. Kuna njia ya mkato, nayo ni ya Pierre de Fermat, Mfaransa aliyeieleza katika barua ya mwaka 1643. Inategemea jambo dogo: ukichukua mraba wa x ukatoa mraba wa y, unapata (x − y) × (x + y). Kwa hiyo ukiweza kuiandika namba yako witiri kama tofauti ya miraba miwili, tayari umeivunja.

Anza na namba nzima ya kwanza iliyo juu ya kipeuo, yaani 3,704. Mraba wake ni 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Je, hii ni mraba? Mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25, na hii inaishia na 95. Basi hapana, na hukuhitaji hata kutafuta kipeuo.

Panda moja. 3,705 × 3,705 ni 13,727,025. Toa 13,717,421, inabaki 9,604. Mwisho wa 04 unaruhusiwa, kwa hiyo tafuta kipeuo chake: 98 × 98 = 9,604. Umeipata, jaribio la pili tu. Vigawo ni 3,705 − 98 = 3,607 na 3,705 + 98 = 3,803.

Sasa hizo mbili ndizo unazozipima kwa mtindo wako wa awali, maana ni fupi. Kwa 3,607 unajaribu namba tasa 17, kutoka 2 hadi 59. Kwa 3,803 unaongeza 61. Zote zinaacha baki (kwa mfano 59 × 61 = 3,599, pungufu ya 3,607 kwa 8). Kwa hiyo zote mbili ni tasa, na uchambuzi kamili ni

123,456,789 = 3 × 3 × 3,607 × 3,803.

Kosa linalowapata wengi katika njia hii ni kuanzia chini ya kipeuo badala ya juu. Ukianza na 3,703, kutoa kunakupa namba hasi na mambo yote yanavurugika. Kosa la pili ni kukadiria kipeuo cha baki kwa jicho. Kwanza tazama tarakimu ya mwisho: mraba hauishii kamwe na 2, 3, 7 wala 8. Ukiliangalia hilo tu, majaribio mengi yanaanguka bila jasho.

Ukishakuwa na vigawo tasa, sifa nyingine zinafuata zenyewe. Idadi ya vigawo vyote: 3 imejitokeza mara mbili, nyingine mara moja moja, kwa hiyo (2 + 1) × (1 + 1) × (1 + 1) = 12. Jumla ya vigawo hivyo ni 13 × 3,608 × 3,804 = 178,422,816, ambapo 13 imetokana na 1 + 3 + 9. Ukiitoa namba yenyewe inabaki 54,966,027, hata nusu ya namba haifiki. Na kati ya 1 na 123,456,789, namba zisizo na kigawo chochote cha pamoja nayo zaidi ya 1 ni 6 × 3,606 × 3,802, yaani 82,260,072.

SWALI: Baada ya kusikia habari za njia ya Fermat, niliitumia kwa 987,654,321. Nimeigawanya kwa 9 nikabaki na 109,739,369, nikaanza na 10,476 na kupanda. Nimejaza kurasa tatu bila kuona mraba. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, chombo ndicho kisichofaa. Njia ya Fermat huenda kasi pale vigawo viwili vinapokaribiana, kama 3,607 na 3,803. Vikiachana mbali, inakuchosha. Kwa 109,739,369 ungelazimika kupanda hadi x = 190,005, yaani majaribio 179,530. Kurasa tatu ni mwanzo tu.

Rudi kwenye kugawanya kwa namba ndogo, na utashangaa. Kwanza 7, 11 na 13 kwa pigo moja. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, gawa tarakimu katika mafungu ya tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 369 − 739 + 109 = −261. Acha alama ya kutoa. 261 haigawanyiki kwa 7 (baki 2), wala kwa 11 (baki 8), wala kwa 13 (baki 1), kwa hiyo namba yako nzima haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo. Angalia tu usianze mafungu kushoto. Namba ikiwa na tarakimu nane au saba, mafungu yatakaa upogo na jibu litakuwa la uongo.

Inayofuata ni 17, na hapo mlango unafunguka: 109,739,369 ÷ 17 = 6,455,257. Jaribu 17 tena, maana watu wengi hukiondoa kigawo mara moja na kukisahau: 6,455,257 ÷ 17 = 379,721. Mara ya tatu inabaki 9. Kwa hiyo

987,654,321 = 3 × 3 × 17 × 17 × 379,721.

Imebaki 379,721. Kipeuo chake ni 616 na ushei, na namba tasa hadi hapo ni 112. Saba za kwanza, 2 hadi 17, zimeshapimwa. Kabla ya kuzivamia 105 zilizobaki, kuna hila inayozipunguza hadi 50.

Jaribu kuiandika 379,721 kama jumla ya miraba miwili. Ikigawanywa kwa 8 inabakisha 1. Mraba wa namba witiri nao hubakisha 1, kwa hiyo mraba wa pili lazima ugawanyike kwa 8, na hiyo inamaanisha namba yenyewe iliyo shufwa inagawanyika kwa 4. Tena, ikigawanywa kwa 3 inabakisha 2, kwa hiyo hakuna kati ya hizo mbili inayogawanyika kwa 3. Na kwa kuwa inaishia na 1, ama ile shufwa inaishia na 0 au ile witiri inaishia na 5. Tuanze na shufwa zinazoishia na 0: 20, 40, (60 inaruka kwa sababu ya 3), 80, 100 na kuendelea.

Ukitoa mraba wa 20 inabaki 379,321, ambayo iko kati ya mraba wa 615 na wa 616. Ukitoa mraba wa 40 inabaki 378,121, nayo inakosa mraba wa 615 kwa 104. Ukitoa mraba wa 80 inabaki 373,321, na hiyo ni 611 × 611 kamili.

Basi 379,721 = 611² + 80². Kwa kuwa 611 na 80 hazina kigawo cha pamoja, kila kigawo tasa cha jumla hiyo kilicho witiri lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 4. Namba kama 19, 23, 31, 43, 47 zinafutwa zote bila kugusa kalamu. Zinabaki 29, 37, 41, 53, 61 na wenzake hadi 613, hamsini kwa hesabu yetu. Zote zinaacha baki, kwa hiyo 379,721 ni tasa.

Na kuna zawadi juu yake. 3 × 3 × 17 × 17 ni mraba wa 51, kwa hiyo zidisha 611 na 80, kila moja kwa 51:

31,161² + 4,080² = 971,007,921 + 16,646,400 = 987,654,321.

Pacha wake, 123,456,789, hawezi jambo hili ng'o, ingawa naye akigawanywa kwa 4 anabakisha 1 na kwa sura anaonekana kufaa. Kinachomnyima ni 3,607: ikigawanywa kwa 4 inabakisha 3, na imejitokeza mara moja tu. Namba tasa za aina hiyo zinakubalika katika jumla ya miraba miwili iwapo tu zimejitokeza mara shufwa, kama ile 3 ya mara mbili. 3,803 nayo ina kasoro ileile. Kwa miraba mitatu, hata hivyo, 123,456,789 inawezekana, kwa sababu ikigawanywa kwa 8 inabakisha 5. Zinazokataa miraba mitatu ni zile zinazobakisha 7, pamoja na namba hizo zikizidishwa kwa 4, 16, 64 na kuendelea.

SWALI: Nifanyeje ili nipate KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya namba hizi mbili bila kuzichambua kabisa?

JIBU: Tumia njia ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale: gawanya kubwa kwa ndogo na utazame baki. Hapa ni hatua moja tu, maana 8 × 123,456,789 = 987,654,312 na baki ni 9. Chochote kinachozigawa zote mbili lazima kiigawe na 9. Na kwa kuwa 9 inazigawa zote (jumla ya tarakimu ni 45), KKS ni 9.

KDS ni zao lao ukigawanya kwa KKS. Tunashauri ugawanye kwanza ndipo uzidishe: 13,717,421 × 987,654,321 = 13,548,070,123,626,141. Ukizidisha kwanza utabeba tarakimu za bure, na kila tarakimu ya ziada ni nafasi mpya ya kukosea.

SWALI: Nimeandika programu ndogo ya kulinganisha. Inasisitiza kwamba 8 × 123,456,789 ni sawa na 987,654,321. Nyinyi mnasema tofauti ni 9. Nani mwongo?

JIBU: Programu yako. Bila shaka umezihifadhi namba hizi kama desimali za biti 32 (aina ya «float»; biti ni tarakimu ya mfumo wa jozi, 0 au 1). Aina hiyo ina biti 24 tu za tarakimu zenye maana. 123,456,789 kwa mfumo wa jozi ni

111010110111100110100010101

yaani biti 27. Tatu zinazidi, kwa hiyo mashine inakumbuka tu vigawe vya 8 katika eneo hilo, na kuisogeza namba yako hadi kigawe cha 8 kilicho karibu zaidi, 123,456,792. Kwa 987,654,321 zinahitajika biti 30, sita zinazidi, hatua inakuwa 64, na namba inasogezwa hadi 987,654,336. Sasa zidisha 123,456,792 kwa 8: 987,654,336 kamili! Ile 9 imemezwa na kukadiria, na ulinganisho unasema ndiyo kwa dhamiri safi. Namba mbili hizi zimetokea kuwa mtego mzuri wa kupimia programu, kwa kuwa uwiano wao ni 8 na chembe ndogo mno.

Dawa ni kutumia aina ya namba nzima. Namba nzima ya biti 32 yenye alama (inayokubali chanya na hasi) inafika 2,147,483,647, kwa hiyo zote mbili zinaingia. Ila usijiachie: 987,654,321 × 3 ni 2,962,962,963, inafurika, na katika mashine nyingi utaona −1,332,004,333. Ukitaka zao la namba zote mbili, 121,932,631,112,635,269, chukua namba nzima ya biti 64. Desimali za biti 64 hazitakusaidia hapo, kwa sababu uhakika wake kwa namba nzima unakoma kwenye 9,007,199,254,740,992. Programu za majedwali nazo kwa kawaida hushika tarakimu 15 na kuzijaza zilizobaki kwa sifuri, kwa hiyo ukiona zao hilo limeishia na 000, usilinukuu.

Kwa kukagua zao kama hilo kwa mkono, wengi hutumia jumla ya tarakimu: hapa ni 63, inagawanyika kwa 9, inalingana. Lakini kipimo hicho hakioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ukiandika …296 badala ya …269, jumla ni ileile 63. Ongeza kipimo cha 11: kuanzia kulia, jumlisha na kutoa kwa zamu. 123,456,789 inatoa 5, 987,654,321 nayo 5, na 5 × 5 = 25 inabakisha 3 ukigawanya kwa 11. Zao sahihi nalo linatoa 3. Lile lililobadilishwa linatoa −3, sawa na baki 8, na kosa linanaswa.

SWALI: Kwa maneno, 456,000 iliyo katikati ya namba hii isomwe vipi? Nikisema «elfu mia nne na hamsini na sita» wengine huandika 400,056.

JIBU: Wana haki ya kuandika hivyo, usemi huo unabeba maana zote mbili. Laki inamaliza ubishi: «milioni mia moja ishirini na tatu, laki nne, elfu hamsini na sita, mia saba themanini na tisa». Ukiwa hupendi laki, itangulize hesabu mbele ya elfu: «mia nne hamsini na sita elfu».

SWALI: Nazipanga upya tarakimu 1 hadi 9, kila moja mara moja, nikitafuta namba tasa. Nimejaribu mamia ya mipangilio. Iliyo kubwa kuliko zote ni ipi?

JIBU: Hakuna hata moja. Mipangilio yote ni 362,880, na kila mmoja una jumla ya tarakimu 45. 10, 100, 1,000 na kuendelea zote hubakisha 1 zikigawanywa kwa 9, kwa hiyo nafasi ya tarakimu haibadilishi baki. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba nayo inagawanyika. Ukiongeza 0, jumla ni 45 ileile. (Hata ukitoa pacha mmoja kwa mwingine, 987,654,321 − 123,456,789, unapata 864,197,532: tarakimu tisa zilezile tena, na bado inagawanyika kwa 9.)

Punguza tarakimu basi. 1 hadi 8 zina jumla ya 36, hazifai. 1 hadi 7 zina jumla ya 28, ambayo haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo mlango uko wazi. 1 hadi 6 (21) na 1 hadi 5 (15) umefungwa, kisha unafunguka tena kwa 1 hadi 4 (10). Kubwa kuliko zote ya tarakimu saba ni 7,652,413. Ukitaka kuithibitisha kwa mkono, kipeuo chake ni 2,766 na ushei. Andaa orodha ya namba tasa 402, ya mwisho ikiwa 2,753.